Tumbo Likilalamika Baada ya Juisi, Uliza Saa

Msimu wa mvua ukiingia hapa kwetu Mulongo, katika bonde la Upemba kandokando ya mto Lualaba, maembe nayo huingia, na kila nyumba yenye mti au yenye jirani mwenye mti hutafuta namna ya kuyamaliza kabla hayajaoza. Ndipo juisi ya nyumbani inapokuja. Mwenye paneli ya jua na mikseri husaga; asiye nayo huponda kwa kinu au hukamua kwa mkono. Embe huchanganywa na ndizi, papai na avoka, wengine wakaongeza maziwa ya unga, sukari na tangawisi, kisha maji ya kulainisha. Ni kinywaji kizuri, na sitaki mtu yeyote akiache kwa sababu ya maneno yangu. Lakini baada ya kikombe hicho wengi hulalamika: tumbo linaunguruma, linajaa gesi, linasokota, na mara nyingine mtu anakimbilia chooni. Na kila anayelalamika ana maelezo yake tayari. Wa kwanza atasema tunda lilikuwa bovu. Wa pili atafurahi, aseme juisi inamsafisha tumbo. Wa tatu atanyamaza, halafu atamwambia dada yake kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amemtilia kitu. Hoja yangu leo ni kwamba wote watatu wanakimbilia jibu kabla ya kuuliza maswali mawili: maumivu yalianza saa ngapi baada ya kunywa, na maji yaliyotiwa humo yalitoka wapi. Katika nchi yetu hii ya mto na maziwa, tunda lenyewe ndilo la mwisho kushukiwa.

Tuanze na maumivu yanayokuja haraka, ndani ya nusu saa mpaka saa mbili hivi. Embe likiliwa kwa meno humchukua mtu muda. Anamenya, anang'ata, anatafuna, anafyonza kokwa, na akimaliza la pili mara nyingi ametosheka. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walipima jambo hili kwa matofaa. Waliwapa watu kumi kiasi kilekile cha wanga na sukari ya tofaa kwa njia tatu: tunda zima, tunda lililopondwa, na juisi iliyochujwa. Juisi ilimalizwa kwa kasi mara kumi na moja kuliko tunda zima, na mara nne kuliko lililopondwa, na waliokunywa juisi hawakushiba kama waliotafuna. Basi fikiria kikombe kikubwa cha maembe matatu. Nyama ya maembe matatu ya kadiri ina karibu gramu 85 za sukari, hata kabla hujagusa kijiko cha sukari ya mezani. Mtu anayekula maembe hayo akiwa amekaa kivulini atatumia sehemu nzuri ya alasiri. Anayeyanywa atayamaliza huku amesimama, na tumbo litapokea mzigo wote kwa mpigo mmoja.

Mzigo huo una tatizo lake la ndani. Sukari za tunda si za aina moja. Iko glukosi, ambayo utumbo huifyonza kwa urahisi, na iko fruktosi, ambayo mlango wake ni mwembamba. Fruktosi ikija pamoja na glukosi ya kiasi sawa, hupita vizuri. Ikizidi, ile ziada hubaki ndani ya utumbo. Embe ni miongoni mwa matunda ambayo fruktosi yake imezidi glukosi: katika maembe yetu matatu ziada hiyo hufika gramu 15 na zaidi. Watafiti wa Denmark walioandika mwaka 1986 walipima watu wazima wenye afya njema, wakakuta tofauti kubwa mno kati yao. Kuna aliyeshindwa kufyonza hata gramu tano za fruktosi tupu, na kuna aliyefyonza 50 bila shida. Sukari isiyofyonzwa huvuta maji kuingia utumbo, kisha hushuka kwenye utumbo mpana, ambako bakteria wanaoishi humo kila siku huichachusha na kutoa gesi. Kuunguruma unakosikia ni gesi hiyo na maji hayo. Hakuna sumu hapo wala tunda bovu. Kuna kiasi kilichozidi uwezo wa tumbo fulani, na dawa yake ni kikombe kidogo, kinywewe polepole, baada ya chakula.

Maziwa nayo yana kesi yake, na ni kesi iliyochunguzwa karibu na kwetu. Mwaka 1966 watafiti Cook na Kajubi, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha matokeo ya kupima watu wazima wa makabila mbalimbali ya Uganda. Walikuta kwamba Wabantu wengi, Waganda wakiwamo, hawana tena ule uwezo wa utotoni wa kusaga laktosi, sukari ya maziwa, ilhali Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe tangu zamani, wengi wao wanao. Miaka 41 baadaye, mwaka 2007, mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha sababu yake kwa kuchunguza damu ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan: jamii za wafugaji zimerithi mabadiliko katika vinasaba vyao yanayoendeleza uwezo huo hadi uzeeni. Sisi wa bonde la Upemba ni watu wa samaki, wa mihogo na wa mahindi. Ng'ombe wa maziwa hawakuwa msingi wa chakula chetu. Kwa hiyo mtu mzima wa hapa anayetia vijiko vitano vya maziwa ya unga katika juisi ya embe, kisha akajaa gesi baada ya saa moja, hana ugonjwa wowote. Mwili wake unafanya kama miili ya watu wazima walio wengi duniani. Apunguze maziwa, au atumie yaliyoganda, kwa kuwa bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

Nimekaa kwenye sukari hizi kwa makusudi, kwa sababu zinajibu swali linalovunja undugu katika mitaa yetu. Watu watano wanakunywa kutoka chombo kimoja, mmoja anaumwa, wanne hawana neno. Mara moja husemwa: mbona yeye peke yake? Kikombe chake kilishikwa na nani? Kama aliyekishika ni mke mwenza, au mama mkwe, au jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, jina lake limekwisha kutajwa kabla ya jioni. Ndugu zangu, tofauti ya mtu na mtu katika kufyonza fruktosi na kusaga laktosi inatosha kabisa kueleza kwa nini mmoja aumwe na wanne wapone. Hata watoto wa mama mmoja huweza kutofautiana. Simwambii mtu kwamba hakuna mwanadamu mbaya duniani. Ninasema kwamba kuunguruma kwa tumbo saa moja baada ya kikombe kikubwa cha embe na maziwa si ushahidi wa ubaya wa mtu yeyote, na anayemtaja mwenzake kwa sababu hiyo tu anamdhulumu. Ipo njia ya kujihakikishia: siku nyingine anywe juisi ileile bila maziwa, nusu kikombe, aliyoitengeneza mwenyewe. Siku ya tatu anywe maziwa peke yake. Tumbo litamwambia lenyewe nani mshitakiwa.

Sasa wale wanaofurahia kuhara. Imani ya kwamba tumbo lina uchafu wa kutolewa kwa nguvu ina mizizi mirefu kwetu, na ndiyo inayofanya watoto wachanga wapigwe bomba la dawa kila wakilia. Juisi ya kijani, juisi ya tangawisi na ndimu, sasa zimerithi sifa hiyo ya kusafisha. Mtu anahara mara nne, anatoka chooni amelegea, anasema amekuwa mwepesi. Amekuwa mwepesi kweli, kwa maana amepoteza maji na chumvi. Utumbo wenye afya hujisukuma wenyewe, na kinachousaidia ni nyuzinyuzi za chakula cha kila siku. Jambo hili ulimwengu ulilisikia kwa sauti kubwa kutoka Afrika Mashariki: Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, aliona kwamba wanakijiji waliokula vyakula visivyokobolewa walipata choo kikubwa, laini na cha wakati, na kwamba maradhi mengi ya utumbo aliyoyajua Ulaya yalikuwa adimu kwao. Yeye na wenzake walipima vinyesi na muda wa safari ya chakula tumboni, wakachapisha mwaka 1972. Wanakijiji hao hawakuhitaji kuharishwa. Maharage, lengalenga, matembele, viazi vitamu na embe lililoliwa na nyuzi zake zinazokwama kwenye meno vinafanya kazi hiyo kimya kimya. Kuhara kwa maji ni tumbo kushindwa, na kwa hapa petu ni dalili ya kuangaliwa kwa hofu, kwa sababu nitakayoisema sasa.

Mulongo iko kwenye ukingo wa Lualaba, na Lualaba hapa inapita katikati ya bonde la maziwa na mabwawa: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo. Kolera, yaani kipindupindu, haikuja kwetu jana. Ilifika mashariki mwa Kongo katika miaka ya 1970, na haijaondoka. Mtafiti Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa nchi yetu, wakaonyesha kwamba maeneo ya afya yaliyo kando ya maziwa ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa, na kwamba wagonjwa huongezeka mvua zinaponyesha. Mwaka 2017 nchi nzima ilihesabu zaidi ya wagonjwa 55,000, na zaidi ya 1,100 walikufa. Mkoa wetu wa Haut-Lomami ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia. Angalieni basi jinsi kalenda ilivyo. Mvua inapoosha vyoo na kuvipeleka mtoni, ndipo maembe yanapoiva. Msimu wa juisi na msimu wa kolera ni msimu mmoja. Na juisi ina hila moja ambayo maji matupu hayana: inaficha. Mtu anayekataa kunywa maji ya mto yakiwa kwenye gilasi, kwa sababu anaona tope lake, atayanywa bila wasiwasi yakiwa na rangi ya njano na harufu ya embe.

Hila hiyo ni ya zamani. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alifuatilia vifo hadi kwenye pompa moja ya Broad Street. Katika maelezo yake aliandika kwamba baadhi ya watu waliokufa hawakujulikana kuwa walikunywa maji ya pompa, lakini maji hayo yalitumika katika mabaa kuchanganyia pombe kali, na maduka madogo yaliyauza yakitiwa kijiko cha unga wa kutoa povu, kama sharubati. Walidhani wanakunywa kitu kingine. Amerika ya Kusini nayo ilijifunza hivyo mwaka 1991: katika mji wa Piura, Peru, vinywaji vya wachuuzi wa barabarani vilikuwa miongoni mwa njia zilizopitisha kipindupindu. Kwa hiyo unapopewa juisi, swali la tunda gani ni la pili. La kwanza ni maji gani, na kama kuna barafu, barafu ya maji gani.

Hapa saa inageuka upande wa pili, na naomba tusikilizane vizuri. Kipindupindu hakikimbii kama gesi ya embe. Kutoka kunywa mpaka kuhara huweza kuchukua saa chache, lakini kwa kawaida ni saa 12 mpaka siku tano. Maana yake ni kwamba juisi iliyonywewa Jumapili baada ya ibada inaweza kumwangusha mtu Jumatano, wakati yeye amekwisha kuisahau na analaumu samaki wa Jumanne usiku. Sisi hulaumu chakula cha mwisho, kwa sababu ndicho tunachokikumbuka. Maumivu ya ndani ya saa mbili, yenye gesi, yasiyo na homa, yanayopita yenyewe, mara nyingi ni ya sukari au maziwa. Kutapika kwa ghafla baada ya saa moja mpaka sita kunaelekeza kwenye kinywaji kilicholala nje kwenye joto, bakteria wakaachia sumu yao humo. Kuhara kunakokuja kesho yake au keshokutwa, kwingi, kwa maji meupe kama ya kuoshea mchele, hata bila maumivu makali ya tumbo, ni kolera mpaka ithibitishwe kwamba siyo. Saa peke yake haitoshi kumpima mgonjwa, na muuguzi ana vipimo vyake, lakini inatosha kukuzuia kulala nyumbani ukingoje embe lipite.

Wapo watakaonipinga kwa ndimu. Watasema ndimu inaua vijidudu, na mimi sitawadharau, kwa kuwa wana nusu ya ukweli, tena nusu yenye ushahidi. Bakteria wa kipindupindu huchukia uchachu. Nchini Guinea, mwaka 1986, walionekana kuzaana upesi katika mchuzi wa karanga uliolala, wakashindwa katika mchuzi wa nyanya wenye uchachu zaidi. Guinea-Bissau, katika milipuko ya katikati ya miaka ya 1990, nyumba zilizotia maji ya ndimu katika mchuzi zilipata kinga fulani. Iquitos, mji wa Peru ulio kwenye mto Amazon kama sisi tulivyo kwenye Lualaba, waliokunywa maji ya toronja, tunda chachu la jamii ya balungi, waliugua kidogo kuliko wengine. Na munkoyo wetu unafuata njia hiyohiyo: uji wa mahindi uliochemshwa, mizizi ya munkoyo ikaulainisha, kisha ukaachwa uchachuke mpaka ukawa mkali. Wazee hawakupima asidi, lakini walichagua kinywaji ambacho moto umepita kwanza na uchachu ukafuata.

Linganisha na kikombe kinachopendwa siku hizi: avoka, papai, ndizi na maziwa. Papai halina uchachu wa kutosha, avoka karibu halina kabisa, na maziwa huzidi kuutuliza. Kikombe kizito cha namna hiyo kinafanana zaidi na ule mchuzi wa karanga wa Guinea kuliko na munkoyo. Tena kinafanya jambo la pili: asidi ya tumbo letu ndiyo mlinzi wa kwanza dhidi ya kolera, na kinywaji kizito chenye maziwa hupunguza makali yake, hivyo vijidudu vichache vinatosha kupita. Kikilala mezani tangu asubuhi mpaka jioni, katika joto letu, hata maji yaliyokuwa safi hayakisaidii, maana mkono, kisu na chombo vimekwisha kuacha chao. Kwa upande mwingine, wapenda ndimu wasijiamini mno. Oktoba 1996, magharibi mwa Marekani, juisi ya tofaa isiyopashwa moto, yenye uchachu wake wa asili, iliwafanya zaidi ya watu 60 waugue na ikamwua mtoto mmoja, kwa sababu bakteria waliokuwemo walikuwa wa aina inayovumilia asidi. Ndimu ni msaidizi. Kazi ya moto haiwezi kuifanya.

Pingamizi lingine ni la mababu: walikunywa maji ya mto, wakaishi. Walioishi ndio waliotuzaa, na ndio tunaowasikia. Watoto waliokufa kwa kuhara hawakuacha wajukuu wa kuwasimulia. Isitoshe, mto wa mababu haukuwa na kambi za wavuvi zilizosongamana namna hii, wala kolera haikuwa imejenga makao katika maziwa yetu. Kuzoea nako kuna mpaka. Mwili huweza kujenga kinga baada ya kuugua, lakini kinga hiyo haimfai mtoto wa miaka miwili ambaye hajaugua bado.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mama anayesema makaa ni ghali. Ana haki. Kuchemsha bidoni nzima kila siku ni franga ambazo angenunulia unga wa bukari. Lakini juisi haihitaji bidoni. Lita moja inatosha, na maji yakishatokota kwa nguvu dakika moja yamesalimika. Yafunikwe yapoe humohumo, yasimiminwe kwenye chombo kilichooshwa kwa maji ya mto. Penye vidonge vya klorini, maji yasiyo na tope husubiri nusu saa. Na kuna njia isiyogharimu makaa: nanasi na tikiti vina maji yake, na embe halikuumbwa lisagwe. Lioshwe kwa maji salama, limenywe kwa kisu safi, litafunwe. Katika nyumba ambayo leo haina maji ya kuchemsha, tunda zima ni bora kuliko juisi, bila ubishi.

Neno moja kuhusu majani, kwa kuwa wapo wanaosaga majani mabichi wakitaka kuongeza damu. Sombe mbichi isiingie kwenye mikseri kamwe. Jani la muhogo lina kitu ambacho, likipondwa, hugeuka sayanidi, na ndiyo maana mama zetu hutwanga kisha huchemsha kwa muda mrefu bila kufunika chungu, mvuke uondoke na ubaya wake. Anayesaga na kunywa papo hapo anaitoa sumu katika jani na kuimeza kabla haijapata nafasi ya kutoka. Kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika baada ya juisi ya namna hiyo havihusiani na kusafishwa. Apelekwe kwa muuguzi.

Nimalizie na kosa linalofanywa kwa upendo. Mtoto anahara, hataki kula, mama anampa juisi tamu ili apate nguvu. Juisi ya tunda ina sukari karibu gramu 100 kwa lita, wakati maji ya dawa ya kuhara yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 yana gramu 13.5 tu za glukosi kwa lita, pamoja na chumvi. Kipimo hicho kidogo kina sababu: sukari kiasi husaidia chumvi na maji kuingia mwilini, sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni na kuzidisha kuhara. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika, akawapa wagonjwa wa kipindupindu maji ya kunywa yenye sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Usipopata pakiti ya dawa hiyo, tia katika lita moja ya maji yaliyochemshwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visifure. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kwa hiyo jioni hii, kabla ya kusaga, chemsheni maji kwanza. Gesi ikija baada ya saa moja, punguzeni kikombe na maziwa, na mwacheni jirani kwa amani. Lakini mtu akianza kuhara maji meupe, usiku au mchana, mnyweshe maji ya chumvi na sukari mkiwa njiani kuelekea kituo cha afya, msingoje kupambazuke. Kolera inaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake ndani ya saa chache. Wakihudumiwa mapema, wanaokufa ni chini ya mmoja kati ya wagonjwa 100.